Karoti za Ghorofa ya Juu

Nesi alimkabidhi yeye kadi ya mtoto. Hakunipa mimi niliyembeba mtoto miezi tisa tumboni na miaka mitatu kiunoni, wala hakujali kuwa ni mimi niliyeamka alfajiri kuwahi foleni ya kliniki. Alimpa yeye, aliyekuja siku ile kufuata vidonge vyake vya presha, akaona apumzike kidogo kwenye benchi letu.

Shamsa wangu alikuwa ndiyo kwanza ashuke kwenye mizani. Tangu nilipomwachisha ziwa, mstari wake kwenye ile kadi ulikuwa ukilala chini tu. Siku ile ulipanda. Nesi akafurahi, akamwinamia.

“Mashallah! Nani akulishaye ukanenepa hivi?”

Shamsa akanyoosha kidole, na hakuninyooshea mimi.

“Nyanya wa juu. Karoti.”

Nesi akageuka, akaona kidole kinakoelekea, akashika mdomo. “Mwalimu! Ni wewe?” Kumbe nesi naye alifundishwa na huyu, kama nusu ya wanawake wa kisiwa hiki. Akawaita kina mama wote waliokuwa wakingoja: “Mwamuona huyu? Huyu ndiye mwalimu! Muulizeni awaambie mtoto alishwaje!” Kisha akampa kadi. “Endelea vivyo hivyo, Mwalimu. Mwezi ujao mlete tena.”

Nikaipokonya ile kadi. Ikachanika pembe.

“Mama yake ni mimi!” nikasema, na sikusema polepole. “Kumpa mtu karoti si kumzaa!”

Benchi zima likageuka. Hata watoto waliokuwa wakililia sindano waligeuka. Yeye akanitazama juu ya miwani, kama alivyokuwa akinitazama darasani mchuzi wangu ukishika madonge, akasema, “Kumi na Saba. Sauti.”

Kumi na Saba ni mimi. Ndiyo namba yangu katika daftari la mahudhurio la kidato cha pili. Nimeolewa, nimezaa, nina nyumba yangu na funguo zangu, naye bado aniita kwa namba.

Nataka kumwandika mtu huyu kama alivyo, asije mtu akadhani nina wazimu. Jina lake silitaji. Nyumbani kwetu Kibokoni hakuna alitajaye, na sidhani kuna alijuaye lote. Ni Mwalimu. Yeye akaa ghorofa ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho. Mimi na mume wangu na Shamsa tuko ya kwanza. Chini kabisa kuna fundi cherehani.

Alikuja Mombasa kutoka bara kufundisha somo la sayansi ya nyumbani katika shule yetu ya wasichana. Alipostaafu, kila mtu alidhani atafunga virago arudi kwao. Hakurudi. Alihama nyumba za walimu akaja Mji wa Kale, akapanda ngazi zetu zilizosimama kama ukuta, akasema hewa ya juu ni nzuri. Watoto wake wawili wako ng'ambo, na humpigia simu Jumapili anapotoka kanisani.

Kiswahili chake ni cha kitabu. Sisi twasema wataka, yeye asema unataka. Sisi twakata maneno, yeye ayatamka mpaka mwisho, kila neno limevaa viatu. Lakini asubuhi hukutana na wazee barazani akawaamkia sabalkheri na kuwauliza hali za nyumbani mmoja mmoja, kuliko sisi tuliozaliwa hapa. Ramadhani hapiki mchana, harufu isije ikashuka ngazi ikatutesa. Kila Iddi yeye ndiye wa kwanza kubisha mlango wangu na sahani. Lau angekuwa mtu mbaya ningepumzika. Ningemchukia asubuhi, nikaendelea na kazi zangu.

Darasani alikuwa na kijiko chake mwenyewe. Alikiweka mfuko wa kifuani kama daktari awekavyo kalamu, akapita meza kwa meza akionja, akikipangusa kwa leso nyeupe baada ya kila sufuria. Alipoonja hakusema kitu. Uso haukusogea. Ulijua umefanya nini pale tu alipofika mbele ya darasa na kufungua daftari. Mwenzetu mmoja alijikata kidole akaanza kulia, damu yatiririka, naye akamwambia, “Osha kisu kwanza, utalia baadaye.” Tulimcheka mwezi mzima. Mpaka leo nikijikata naosha kisu kwanza.

Mtihani wa mwisho wa mapishi nilipika keki ya mvuke, ikabonyea katikati kama kofia iliyokaliwa. Mwalimu akaandika neno moja chini ya jina langu: Haraka. Hakuandika mbaya, wala rudia. Meza ya pili kulikuwa na Namba Nne, binti mmoja mpole, mikono kama ya malaika, na kijiko kile kiliporudi kwake mara ya pili, Mwalimu akila tu kwa raha zake bila kupima, mimi niliuma meno. Kwa hivyo wivu huu haukuanza na mwanangu. Nausema mwenyewe kabla hamjausema ninyi.

Yuko mtu wa pili ndani ya Mwalimu ambaye wanafunzi hawakumjua. Mimi namjua kwa sababu tuna ngazi moja.

Yeye aliyetukata alama kwa kijiko kilicholazwa vibaya, jikoni kwake huioni meza. Sufuria ziko juu ya viti, magazeti juu ya sufuria, na mwiko niliwahi kuukuta bafuni. Asema watoto amewafundisha maisha yake yote na ameshiba nao, hataki kusikia mtoto. Lakini mlangoni kwake, chini kabisa, kimo cha goti langu, kuna msumari mpya wa kutundikia kimkoba cha Shamsa. Umbea hataki, eti ni kazi ya wasio na kazi. Ukimwambia jambo, hata hivyo, utakuta ameshalijua tangu juzi, na akusahihisha pale ulipokosea.

Na mafuta! Tangu daktari amwambie habari ya presha, mafuta ameyafanya adui wa ukoo. Nikikaanga samaki, kichwa chatoka dirishani juu: “Kumi na Saba, hayo mafuta umeyachota kwa kata?” Siku moja nilipita Ngome ya Yesu na Shamsa, na huyo hapo, amejibanza nyuma ya wauza vinyago, ana viazi karai kwenye gazeti, ukwaju wamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, yuwala kama aliyefungua saumu. Tukatazamana.

“Nafanya utafiti,” akasema.

“Mwalimu, mafuta je?”

“Ndiyo ninayoyatafiti.”

Akamega kiazi akampa Shamsa. Shamsa akakitema, kwa sababu Shamsa wakati ule alikuwa akitema kila kitu.

Hilo ndilo lililoniuma mwaka mzima, na asiyekuwa na mtoto asiyekula hawezi kulijua. Mwanangu alikuwa akiishi kwa chai na mkate. Nimemwekea karoti katika uji, nimeziponda katika wali, nimezikuna nikazificha ndani ya chapati. Alikuwa akizitafuta kwa ulimi, akazitoa moja moja, akazipanga ukingoni mwa sahani kama mtu ahesabuye shanga. Kliniki walikuwa wakiniuliza, “Mama, kwani humpi chakula?” Humpi! Nilikuwa nikilia bafuni maji yakiwa wazi ili mume wangu asisikie.

Ndipo ilipokuja ile mashine.

Mwalimu alitumiwa na mwanawe. Ilikuja kwenye boksi kubwa, na fundi cherehani ndiye aliyeipandisha, huku nyuma watu wa kichochoro wakitoa maoni. Ilipotoka ilikuwa nyeusi, duara, kama kofia ya mwendesha pikipiki, na ina droo tumboni.

“Eafraya,” fundi akasoma. “Yakaanga bila mafuta. Kwa upepo.”

“Kwa upepo!” mume wangu akasema. “Basi na tuweke sufuria baharini.”

Tulicheka sote, nami nilicheka zaidi. Wiki ya kwanza aliunguza viazi, akaunguza sambusa, akaunguza kipande cha mkate kikawa mkaa mtupu. Moshi ukishuka ngazini nami nikifurahi, wallahi, nikijisemea ala, kumbe hata Mwalimu. Kisha siku moja Shamsa akapanda juu kufuata paka, akakaa huko. Nilipomfuata nikamkuta ameketi kwenye kigoda, mbele yake sahani ya karoti zilizokatwa kama vidole, zimepiga rangi ya kahawia pembeni, zang'aa. Alikuwa akila. Ashika moja, auma, atafuna, ameza, ashika nyingine. Nilisimama mlangoni nikizihesabu. Ningetaka kusema nilifurahi tu. Nilifurahi. Lakini chini ya ile furaha palikuwa na kitu kingine, chauma kama chumvi kwenye kidonda: mwaka mzima wangu, na huyu kwa alasiri moja.

“Amemaliza kumi na mbili,” Mwalimu akasema bila kugeuka. “Na karoti hazina dini, usiwe na wasiwasi.”

“Watia nini, Mwalimu?”

“Unaweka, unawasha, unatoa.”

Huyo ni mwanamke aliyetufundisha kuchemsha yai kwa hatua tisa, tukaziandika na kuzikariri. Unaweka, unawasha, unatoa! Nilimuuliza mara tatu katika miezi miwili, na mara zote jibu lilikuwa lile lile. Nikamfanya Shamsa mpelelezi.

“Nyanya aweka nini kwenye mashine?”

“Karoti.”

“Na nini tena?”

“Na upepo.”

Ikaanza habari ya sahani. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Utaweka chochote, hata kama ni ndizi mbili. Siku ile ya kwanza alinishushia karoti sita. Nikamrudishia sahani na mahamri. Kesho yake karoti. Nikampa kaimati. Karoti. Vibibi. Karoti tena! Nilijikuta napika kwa ajili ya ghorofa ya juu kuliko ya kwangu, na mwanangu hagusi hata kimoja cha nilivyopika, angoja sahani ishuke. Mume wangu naye akawa azichomoa mlangoni kabla hazijafika mezani.

“Kusema kweli, mke wangu, ni tamu.”

“Usiseme kweli.”

Basi siku moja, kwa uovu tu, niliosha ile sahani nikaipangusa nikampa Shamsa airudishe tupu. Nilijua ninalofanya. Kwetu hiyo ni sawa na kumfungia mtu mlango usoni. Nikakaa chini nikangoja anijie na hasira zake, tupigane, tuishe.

Hakuja. Alasiri nikasikia kishindo ngazini. Fundi cherehani huyo, ana mfuko wa unga begani, sukari mkononi, na mchele kwapani, yuwahema, na kwa sauti inayofika mpaka barazani ananiita: “Dada! Mwalimu asema msione haya! Dhiki humpata kila mtu!”

Mwalimu alikuwa ameona sahani tupu akaamua kwamba ndani kwangu hakuna kitu.

Ilipofika magharibi, kichochoro kizima kilijua tuna njaa. Mwanamke wa nyumba ya pili aliniletea maharagwe. Mume wangu alirudi kutoka kazini bandarini uso umemshuka. “Nimeulizwa msikitini kama nimeachishwa kazi. Umefanya nini?” Mpaka leo sijui kama Mwalimu alikosea kwa wema au alinijibu kwa akili. Kila nikimtazama uso wake, hausogei.

Nilifanya jambo jingine pia, na hili sikulisema kwa mtu. Wifi yangu akaa Kizingo, jikoni kwake ni kukubwa kuliko nyumba yangu, na mashine kama ile anayo, ya kupambia. Nikaenda na Shamsa na karoti zangu. Nikazikata kama vidole, nikaziosha vizuri, nikajaza droo mpaka juu, nikawasha. Zilitoka zimelegea, maji yazitoka, kama zilizochemshwa na mtu mwenye mawazo. Shamsa akatia moja mdomoni, akaitemea kwenye zulia la wifi.

“Hizi si karoti,” akasema.

Wifi akacheka mpaka akakaa. “Mrudishe kwa mpishi wake, mwenzangu!” Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima magari yanipita, watu wa Kizingo hawatembei, na mtoto mgongoni mwangu aimba wimbo aliofundishwa na Nyanya.

Na sikiliza hili. Sanduku la stima la nyumba nzima liko mlangoni kwangu. Nyumba ina laini moja ya zamani. Mwalimu akiwasha mashine na fundi naye akiwasha pasi, swichi yaruka, nyumba nzima yazima. Nani aiwasha? Mimi. Juu kwaita, “Kumi na Saba, stima!” Chini kwaita, “Dada, stima!” Nami naacha kazi zangu natoka, napandisha swichi, ili karoti ziive, ili mwanangu aende akazile. Nimeipandisha kwa mkono wangu huu mara ngapi!

Ndiyo maana siku ya kliniki sikuweza tena. Nilirudi na ile kadi iliyochanika, nikafunga mlango, nikamwambia Shamsa hakuna kupanda juu.

Hakulia. Afadhali angelia. Alichukua viatu vyake akakaa navyo sebuleni, akiutazama mlango. Wiki ya kwanza nilipika kila ninachokijua. Alikula mkate na chai. Wiki ya pili mashavu yakaanza kurudi ndani, nikayaona mimi kabla hajayaona mtu mwingine, maana mama huyaona kwa mkono anapomuosha uso.

“Mwache apande,” mume wangu akasema.

“Usiniingilie.”

“Ni karoti, mama Shamsa. Karoti!”

“Si karoti,” nikamwambia. Naye, kwa hekima iliyomjia siku hiyo tu, akavaa viatu akatoka barazani.

Jumamosi baada ya alasiri nilipanda mimi. Peke yangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ngazi nzima, makali yote mbele.

“Hodi.”

“Pita, Kumi na Saba. Vua viatu, nimepiga deki.”

Hakuwa amepiga deki. Alikuwa ameketi kitandani na miwani mkononi, na bila ile miwani alionekana mdogo, kama mtu aliyevua koti. Mashine ilikuwa juu ya magazeti, imezimwa. Nikafungua mdomo nianze, na hapo macho yangu yakaenda dirishani. Pale kwenye kizingiti palitandazwa kitambaa cheupe, na juu yake karoti zilizokatwa, zimepangwa safu safu, hata moja haigusi mwenzake, na feni ndogo yazipulizia.

Nikazielewa. Nikaona zile zangu za Kizingo, zimelowa maji ya bomba, zimebanana kwenye droo kama abiria.

“Wazikausha,” nikasema. “Kwanza wazikausha.”

Aliruka kuliko mtu mwenye presha apasavyo kuruka. Akachukua leso kwenye kiti akazifunika.

“Hujaona kitu.”

“Nimeona.”

“Hujaona. Toka dirishani.”

“Mwalimu, mbona wanifanyia hivi?” Makali yote niliyoyapanga yakanitoroka, likatoka hili tu. “Nimekuuliza mara tatu. Wewe ulitufundisha yai kwa hatua tisa! Mwanangu hali, wewe wajua, na hili jambo dogo la kitambaa hukuniambia. Kwa nini?”

Alikaa. Akavaa miwani, akaivua tena.

“Nikikufundisha, atakula kwako.”

“Si ndiyo! Si ndilo ninalolitaka!”

“Akila kwako, huku juu atakuja kufuata nini?”

Hakulisema kwa unyonge. Alilisema kwa hasira, kama mtu aliyekamatwa na kitu mfukoni. Kisha akaendelea, kwa sababu lililokwisha kutoka limekwisha kutoka.

“Unadhani nimekuibia mtoto. Kaa siku moja hapa uone. Anakula, anamaliza, anapangusa mikono, kisha anauliza, mama amemaliza kazi? Nikimwambia bado, anavaa viatu vyake anakaa mlangoni anakungoja. Kila siku. Nimemwambia hadithi, nimemfundisha nyimbo, nimemletea paka. Anakaa mlangoni. Mimi nina karoti tu, Kumi na Saba. Wewe una mengine yote, na hata hilo moja unalitaka.”

Hapo mtu mwema angemkumbatia. Mimi sikumkumbatia. Nilisimama palepale, na kitu kikanipanda kifuani, na sitasema uongo, kilikuwa furaha. Anakaa mlangoni anakungoja. Niliyachukua yale maneno yote nikayaweka, naye alikuwa akinitazama nikiyaweka, na alijua.

“Na wiki mbili hizi,” nikamuuliza, “hizi wampikia nani?”

Nilifungua friji lake bila ruhusa. Bakuli juu ya bakuli, zote karoti, za kila siku, zimesinyaa.

“Zikipoa hazifai,” akasema. “Nilitaka ziwepo tu kama angekuja.”

Nikafunga friji.

“Kesho atapanda,” nikasema. “Lakini mimi nami nitapika.”

“Utaunguza.”

“Tutaona.”

“Una haraka. Nilikuandikia.”

“Uliniandikia. Nakumbuka.”

Jumatatu akaja msimamizi wa nyumba, kijana wa suruali iliyopigwa pasi, yule anayekusanya kodi kwa niaba ya mwenye nyumba. Alikuwa na daftari la malalamiko. Fundi cherehani alikuwa ameshaandika ukurasa mzima: stima yakatika, ikirudi ghafla nguo za watu zaungua na pasi, chanzo ni mashine ya juu.

“Dada, wewe ndiye shahidi,” msimamizi akaniambia mlangoni. “Sanduku liko kwako. Andika tu kwamba mashine ya yule mama yawasumbua, utie sahihi, leo leo naipiga marufuku. Sahihi ya ghorofa moja haitoshi, za ghorofa mbili zatosha.”

Akanipa kalamu. Juu ngazini nikasikia mlango wa Mwalimu ukifunguliwa kidogo, usifungwe. Alikuwa akisikiliza. Shamsa alikuwa huko naye tangu saa nne, nasikia kicheko chake.

Nilikaa na ile kalamu. Neno moja langu, mashine ingerudi kwenye boksi lake. Kitambaa nakijua, feni ninayo, mume wangu nitamshika mpaka anunue. Mtoto angebaki chini, karoti zangebaki chini, na pale mlangoni juu asingekaa tena mtu kila siku kuningoja mimi. Msimamizi akaangalia saa.

Nikaandika. Barua yenyewe hii hapa, neno kwa neno:

Kwa Msimamizi wa Nyumba,

KUH: MALALAMIKO JUU YA STIMA

Mimi ni mpangaji wa ghorofa ya kwanza. Sanduku la stima liko mlangoni kwangu, na ni mimi ninayepandisha swichi kila inaporuka, kwa hivyo ninajua ninalolisema.

Silalamiki juu ya mashine ya mpangaji wa ghorofa ya pili. Ninalalamika juu ya waya. Waya wa nyumba hii ni wa zamani kuliko sisi sote, nao haukuwekwa kwa ajili ya mashine za siku hizi. Ninataka aletwe fundi wa stima aliyesomea kazi yake, kila ghorofa iwekewe laini yake na sanduku lake, na laini yangu iwe na nguvu sawa na ya juu, isipungue hata kidogo. Karibuni nami nitakuwa na mashine kama ile. Siku nitakapoiwasha sitaki kuambiwa kwamba stima haitoshi watu wawili.

Mpangaji wa ghorofa ya pili asikatazwe kupika, asitishwe, wala asiandikiwe barua. Huyo niachieni mimi.